Kona ya Tabaka Saba

Kwa miaka kumi na tisa Jovina aliondoka kwake Gongo la Mboto kabla ya adhana ya alfajiri, kwenda kupima unene wa mabomba katika kituo cha kufua umeme. Kazi yake ilitaka subira: kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, kukipaka mafuta, kubandika kipimo kinachopima kwa mawimbi ya sauti, kusoma tarakimu. Maji ya moto yanayokimbia hulamba chuma kwa ndani, hasa penye kona, nalo bomba kwa nje hubaki limepambwa kama bibi harusi.

Safari hii, mtambo ukiwa umezimwa kwa matengenezo, kona ya bomba la kulishia boila ilisoma milimita tatu. Mwisho wa usalama ni tano. Chini ya kona hiyo ndipo ilipokuwa meza ya Sebastian, mchomeleaji.

"Dada Jovina, umelikwangua mpaka utumbo!"

"Hama hapo, Seba. Sitanii."

"Nihamie wapi, kwa mkweo?"

Jovina aliandika kwamba kona ibadilishwe kabla ya mtambo kuwashwa. Injinia Brightson aliisoma karatasi, akacheka. Kona mpya ingechukua wiki tatu, na mgeni rasmi alikuwa anakuja Ijumaa. Wapaka rangi walikwisha kuitwa, kama walivyoitwa kila ajapo mgeni, bila kukwangua ya zamani. Injinia akachukua kipimo mwenyewe, akakibandika kando ya kidonda alichokwangua Jovina, juu ya tabaka saba za rangi za wageni saba.

"Tano na nusu! Mama, bomba lako limenenepa. Nani kalilisha ubwabwa?"

Mafundi wakaangua kicheko, Sebastian akiwamo.

"Injinia, sauti ya kipimo hupita polepole kwenye rangi, kwa hiyo rangi nayo inahesabiwa chuma. Niruhusu nikwangue hapo hapo."

"Ukwangue rangi ya mgeni? Thubutu!"

Akaandika tano na nusu daftarini. Penye jina la mpimaji akaandika: Jovina.

Ijumaa mgeni alibonyeza kitufe, akapigiwa makofi, akala pilau, akaondoka. Siku ya tisa kona ikapasuka. Huko Mbagala, waombolezaji walipopanga foleni ya kumuaga Sebastian, waliambiwa waage jeneza tu. Mvuke haukuacha uso wa kuagwa.

Jovina aliitwa mbele ya kamati ya uchunguzi. Kipande cha kona kilikuwa mezani, upande wa rangi ukiwa juu, unameta.

"Jina hili ni lako?" aliuliza mwenyekiti, daftari mkononi.

"Jina ni langu. Mwandiko si wangu."

"Tumekuuliza jina."

Jovina akanyoosha mkono akigeuze kile kipande, waone ndani kilivyolika na kuwa chembamba kama bati la kopo.

"Mama," alisema Injinia Brightson, kwa upole mkubwa, "usiguse ushahidi."

Akaurudisha mkono. Hakuna mwingine aliyekigeuza.