Diski Mpya ya Dagahaley

Dagane alikuwa na desturi ya kuisalimu kompyuta. Kila asubuhi, jenereta ikishaanza kunguruma, aliivua shuka lake la kuzuia vumbi, akasema salaam aleikum, kisha akaiwasha. Hakuwa na wazimu. Tangu Oktoba, mvua za El Nino zilipoila barabara ya Garissa, wenzake watatu waliokwenda likizo hawakuweza kurudi, na ofisi ya kutafuta jamaa waliopotea ikabaki na mtu mmoja.

Alizaliwa Bute, mtoto wa mfuga ngamia. Shuleni Wajir alijifunza kupiga taipu kwa sababu darasa lile lilikuwa na kivuli, na taipu ikamfikisha kwenye ofisi za Garissa, kisha hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, katika chumba cha mabati chenye meza mbili. Mkewe Qali alibaki Bute. Barua yake ya mwisho ilifika kabla ya mvua.

Januari hiyo ya 1998 diski ya kompyuta ilianza kugonga. Tok, tok, kama kidole mlangoni, kisha kimya, kisha tena. Ndani yake mlikuwa na majina elfu kumi na moja: watu wa kambini, na ndugu waliowapoteza vitani au njiani. Fomu za karatasi zilikuwa zimeoza Novemba, ghala lilipovuja. Diski ikifa, majina yote yamekwenda nayo.

Diski mpya ilifika kwa ndege ndogo ya dawa. Dagane aliifunga kando ya ile ya zamani, akaziunganisha zote mbili kwa waya mmoja bapa, akawasha. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski. Si mpya, si ya zamani. Alipoichomoa mpya, ya zamani ikaonekana, ikigonga. Alipoirudisha, zote mbili zikapotea. Alipuliza vumbi. Alibadilisha ncha za waya. Mwishowe akaizima kompyuta kabisa, ili uhai uliobaki wa diski ya zamani usiishe bure.

Redio ya mawasiliano ya kambi ilikuwa ya habari za unga na kipindupindu. Maswali yake hayakuwa na nafasi. Basi akafanya kama wafanyavyo watu wa kwao, ambao sauti huwafaa kuliko barua: alirekodi kaseti, akampa rubani ampelekee rafiki yake Siyad, fundi wa kompyuta mtaani Eastleigh, Nairobi.

Kaseti ilirudi baada ya wiki mbili. Dagane aliitia kwenye redio yake ya kaseti, akakaa karibu.

"Dagane, ma nabad baa?"

Siyad alinyamaza kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kujibu.

"Ni amani," Dagane akajibu.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na ngamia? Mwaka huu wa majani wamenenepa, ama?"

"Nusu wamekufa, Siyad. Maradhi ya mvua."

"Alhamdulillahi!" kaseti ikasema kwa furaha. "Habari kama hizo ndizo ninazopenda kusikia."

Dagane akacheka peke yake, akajifuta macho. Siyad aliendelea. Aliuliza habari za wajomba, za visima, za mbuzi mmoja mkorofi aliyemkumbuka tangu utotoni. Hakuruka mtu, maana kuruka mtu ni utovu wa adabu. Utepe ulikuwa unakaribia kwisha alipofika kwenye mashine.

"Sasa hiyo diski yako. Nyuma yake kuna kidude cheupe, kidogo kama jino la mtoto. Hicho ndicho, bwana. Hicho uki—"

Tak. Upande umekwisha.

Dagane akaigeuza kaseti haraka. Upande wa pili palikuwa na sauti nyembamba, yenye haraka, ya mtu anayeogopa kukatizwa. Ilikuwa yake mwenyewe. Siyad hakuwa ameufuta ujumbe aliotumiwa.

Aliinua kidole azime, lakini hakuzima. Kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameongea kwa muda mrefu hivyo ndani ya chumba kile.

"...ile ya zamani ilikuja peke yake," sauti ikasema, "na hii mpya nayo imekuja peke yake katika boksi lake, nami nimeifunga kama ilivyokuja, sikugusa kitu..."

"Rudia," Dagane akaiambia, akarudisha utepe nyuma.

Kila diski ilitoka kiwandani ikiwa tayari kukaa peke yake. Kwenye waya mmoja, zote mbili zilikuwa zinaitika kama ya kwanza, na mashine haikuisikia hata moja. Akaigeuza diski mpya. Kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni palikuwa na michoro mitatu ya pini za kidude kile, ya peke yake, ya kwanza na ya pili, ambayo siku zote aliipita kama urembo. Akakibandua kidude cheupe kwa kucha, akakihamishia pini zilizochorwa kwa diski ya pili.

Akawasha. Kioo kikaandika mistari miwili, mmoja kwa kila diski.

Kunakili kulimaliza siku. Mara tatu ile ya zamani iliganda, mara tatu akaanza upya. Sala ya adhuhuri aliisali kando ya meza, akiisikiliza. Alasiri ilipofika, majina yote elfu kumi na moja yalikuwa kwenye diski mpya.

Kesho yake akaja Lul, bibi aliyekuwa akija kila Jumanne kumwulizia mwanawe Jama, aliyepotea mwaka wa tisini na moja. Dagane alimwita eeddo, yaani shangazi, naye kwa desturi ya kwao akamrudishia neno hilohilo.

"Nasikia sanduku lako limepona, eeddo. Lilikuwa na homa gani?"

"Lilikataa mwenzake."

"Hilo hata sisi tunaugua. Jama yumo?"

Akatafuta. "Jina lake limo, eeddo. Mwenyewe hajajibu."

Lul akashusha pumzi. "Basi bado tunamtafuta."

"Bado tunamtafuta."

"Na wewe, nani anakutafuta?"

"Mimi sijapotea. Watu wangu wanajua nilipo."

"Mbona hawaji?"

"Mvua, eeddo."

"Mvua imekatika siku tisa."

Dagane aligeukia kioo. Jina la Jama lilikuwa pale, na la baba yake, na la babu yake.

"Kaa kwanza," akasema, akikipa kioo mgongo. "Niambie, babu yake Jama aliitwa nani?"