Antena Ndefu ya Pikapu Yangu

Hapa Bariadi, ukitaka kumjua mtu anayejiona mkubwa, usimtazame usoni. Tazama bampa ya gari lake. Utaona chuma kirefu kimesimama, kinayumba kila gari linapopita kwenye tuta, na ndani ya gari redio ya maana hakuna. Mwenyewe hajui chuma kile kinanasa nini. Anachojua ni kwamba bodaboda humpisha. Watu wa namna hiyo nimewacheka miaka mingi, kisha nikajiunga nao kwa hiari yangu.

Binti yangu ni rubani. Anarusha ndege ndogo za watalii zinazotua kwenye viwanja vya udongo huko Serengeti. Mwaka huu waajiri wake waliamua kumhamishia kusini mwa nchi. Katika wiki yake ya mwisho alinipigia simu, akasema Jumamosi asubuhi atapita mbali kidogo na kwetu, juu ya mbuga, na kwamba nikipanda na gari kwenye mwinuko wa Nkololo nitaweza kumsikia redioni akitaja mahali alipo. Zamani aliwahi kuniletea redio ndogo ya mkononi inayonasa mazungumzo ya marubani, nami nikaiweka kabatini kama sahani za wageni. Sauti ya binti yangu nimeisikia akilia, akikariri masomo, akimwomboleza mama yake. Akiwa kazini, sijawahi. Na baada ya Jumamosi hiyo isingewezekana tena.

Ndani ya pikapu ile redio ilikoroma tu, kwa sababu bati la gari huzuia mawimbi. Ilihitaji antena ya nje. Mtu mwenye akili angemuuliza rubani, hasa rubani mwenyewe akiwa mtoto wake. Mimi niliona si heshima baba kumuuliza binti yake habari za gari. Nikaenda dukani.

Mwenye duka la redio na sola karibu na stendi ni Mzaramo, nami ni Msukuma, kwa hiyo ni mtani wangu. Wasioujua utani hudhani ni vichekesho vya mezani. Siku tulipomzika mke wangu, bwana huyu alishuka kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Sote tuliokuwa tunalia tukajikuta tunacheka. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya vizuri. Lakini mtu aliyewahi kukwambia kwa uso mkavu kwamba kaburi la mkeo ni chumba alichopanga yeye, utajuaje siku anaposema kweli?

Aliweka antena mbili juu ya meza. Moja ilikuwa fupi, nyembamba, na kitako cha sumaku. Nyingine ilikuwa ndefu kuliko mimi.

“Chukua hii, mtani,” akasema, akiinua ile fupi. “Ibandike katikati ya paa.”

“Huo ni mwiko wa ugali. Nimekuja kununua mwiko?”

“Ninyi Wasukuma na ng'ombe wenu, mkiona kitu kirefu kama pembe mnadhani kinatoa maziwa.”

Akaanza kunieleza. Mawimbi ya redio za ndege ni mafupi, kwa hiyo yanataka antena fupi iliyokatwa kwa kipimo chake. Ile ndefu ni ya redio za malori. Tena bati la paa nalo husaidia kazi, wakati pale kwenye bampa hakuna la kusaidia. Alisema yote hayo bila kucheka, na ndiyo maana nikaamini ananichezea. Nilimwona tayari akiwasimulia wenzake nje ya msikiti jinsi mzee wa Kisukuma alivyopanda kilimani na mwiko juu ya gari. Fizikia niliisoma sekondari, na mwalimu alituchorea mawimbi ubaoni, marefu na mafupi. Nilichobaki nacho ni kiburi cha kuwa nilisoma.

“Mtani, leo sitanii,” akasema.

“Na kaburini ulikuwa hutanii?”

Akachukua spana, akaifunga ile ndefu kwenye bampa kwa mikono yake.

Nikiwa njiani kurudi, mgambo mmoja alinipigia saluti. Naona aibu kuandika kwamba niliipokea.

Jumamosi nilikuwa mwinukoni mapema. Nilizima injini, nikafungua redio kwenye masafa aliyonitajia binti yangu. Ikatoa sauti kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Niliwasha tena, nikageuza gari kuelekea mbugani, kana kwamba chuma kina macho. Mara moja tu nikasikia kitu kama mtu anayezungumza ndani ya debe; hata kama ni mwanamke au mwanamume sikuweza kujua. Kisha mchanga tena. Mbali sana, chini ya wingu, nukta nyeupe ikapita taratibu ikaenda zake, na mimi nimesimama kando ya antena iliyomvutia mgambo.

Alinipigia jioni, abiria wake walipokwisha kushuka.

“Baba, ulinisikia?”

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. “Sikukusikia, mayu, mama yangu. Nilinunua antena ya kijinga. Niliambiwa, nikakataa.”

“Nilikuamkia,” akasema. “Baada ya kutaja mahali nilipo, nikasema kwa Kisukuma, mwangaluka, baba. Mzungu mmoja kwenye ndege nyingine akaniuliza hicho ni kiwanja gani.”

Nilimwomba airudie.

“Jua linazama, baba. Nitakuamkiaje salamu ya asubuhi?”

Akaniamkia ya jioni, kwa adabu zote, nami nikaitikia. Ile ya asubuhi ilisikika vizuri juu ya mbuga nzima, na wote walioisikia hawakujua maana yake.