Amri Iliyopewa Cheo

Karakana nzima ilimwita Bi Shaka, na jina lenyewe alilipata kihalali: yeye peke yake ndiye aliyethubutu kuitilia shaka chipu. Walitengeneza vifaa vya kusaidia kusikia, na chipu ndiyo iliyopokea sauti, ikaisafisha, ikaipeleka sikioni. Lakini mlango ukibamizwa, au mtu akiangua kicheko, kifaa kilipiga ukelele wa kumtoa mtu roho.

"Kosa ni lako," mkuu wa karakana alimwambia, akikipigapiga kitabu cha watengenezaji wa chipu, kurasa mia tisa. "Kasoro hiyo humu haimo. Na kama haimo, haipo."

"Kwani wewe bosi umekisoma?"

"Kiko mezani kwangu mwaka wa tatu huu!"

Haya, mtu kama huyo utamjibu nini? Bi Shaka akarudi kwenye meza yake, maana roho yake ilikuwa kwa baba yake. Mzee, seremala mstaafu ambaye misumeno ya umeme ilimmaliza masikio, alikuwa amekijaribu kifaa mara mbili, na mara zote mbili kikampigia ukelele. "Nitajaribu mara moja tu tena, kwa ajili yako," alimwambia bintiye. "Kikinipigia kelele, basi, usiniletee tena." Na Mzee akisema amesema.

Wiki tatu dada wa watu alikaa na chipu uso kwa uso, akiilisha amri mojamoja na kuandika majibu daftarini. Mwisho akaifuma: ikiamriwa kuzidisha namba kubwa, zile za sauti kubwa, na papo hapo kuhifadhi jibu, ilihifadhi takataka, na takataka hiyo ndiyo iliyotoka kama ukelele. Ikipewa amri tupu katikati, amri ya kutofanya chochote, ilivuta pumzi ikahifadhi sawasawa. Akaiweka hiyo amri tupu, akabamiza mlango mara hamsini. Wala! Hakuna ukelele. Akacheza peke yake humo ndani.

Kesho yake ukelele ukarudi. Mkuu alikuwa ameifuta ile amri.

"Hapa hatutaki wa kukaa bure," alisema kutoka kwenye kiti chake cha kuzunguka, saa tano asubuhi, kikombe cha tatu cha chai mkononi.

Bi Shaka akairudisha. Mkuu akaifuta tena. Na Mzee alikuwa anakuja Ijumaa, jamani!

Alhamisi dada akaacha ubishi. Ile amri aliirudisha vilevile ilivyo, ila pembeni yake akaandika kwa herufi kubwa: MRATIBU MKUU WA MAWIMBI. Mkuu alipozipitia amri na kufika hapo akasita, akarekebisha tai yake. "Huyu msimguse," akasema kwa heshima.

Ijumaa Mzee alivaa kifaa huku amekunja uso. Mlango ukabamizwa. Akageuka kuutazama, basi. Hapo hapo mkuu akasimama kuhutubia jinsi uongozi wake ulivyoishinda chipu. Mzee akainua kiganja.

"Bwana mkubwa, samahani, nyamaza kidogo. Nimekuja kumsikia mwanangu." Akamgeukia bintiye. "Haya mama, sema."

"BABA!" akapiga kelele Bi Shaka, kwa mazoea ya miaka sita.

"Taratibu, mama," Mzee akasema. "Nakusikia."