Surua Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini pale Masisi, Dokta alinipa daftari, penseli mbili na viatu vilivyonibana. Akaniambia, "Wewe hautatunza mugonjwa. Utaangalia kama makitabu inasema kweli."

Enzi zile za miaka ya hamsini kila dispanseri ilikuwa na rejista, kitabu cha kuandikia wagonjwa, na kila juma muuguzi alituma kwa Dokta hesabu ya surua. Mimi nilikwenda kulinganisha hesabu hiyo na hali ya vijijini. Wenzangu walinitania kwamba mtembezi hula miguu yake. Walisema kweli, hasa nilipohamishiwa Walikale. Nilitembea msituni siku tatu, nne, peke yangu, na watu wakiona daftari walidhani nimefuata kodi, wakajificha. Kuna siku nilizungumza na viatu vyangu. Upweke ule uliniuma kuliko njaa.

Ndiyo maana nilimpenda Papa Bahati, muuguzi wa dispanseri moja ya huko. Alinipikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, tukacheka siku mbili nzima. Rejista yake ilikuwa safi: surua hakuna, juma baada ya juma. Vijiji vya ng'ambo ya mto sikuvifikia. Niliandika kwamba dispanseri ile ni mfano mwema, na Dokta, kwa kuniamini, akamwondoa muuguzi wa kutembelea vijiji upande ule, akampeleka Mubi.

Niliporudi baada ya miezi michache, Bahati alikuwa amekwenda kwao msibani. Sikuwa na wa kuongea naye, nikavuka mto. Katika nyumba ya kwanza nilikuta watoto wawili gizani, macho mekundu, vipele mwili mzima.

"Funga mulango, Papa," mama yao aliniambia. "Mutoto wa surua haone jua, wala havuke muto, mpaka ngozi ibambuke."

"Sasa infirmie wa dispanseri atajua namna gani?"

"Ye anaandikaka wenye wanafika. Wetu hawafikake."

Bahati hakudanganya. Aliandika waliofika mlangoni, na kwa desturi ile mtoto wa surua hakufika. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiandika majina. Nyuma ya migomba nilionyeshwa makaburi madogo manne, mapya.

Dokta alisoma orodha yangu, kisha akauliza, "Mara ya kwanza, juu ya nini haukuvuka?"

"Muto ulikuwa umejaa, Dokta."

"Basi haikuwa kosa yako. Andika vile."

Nikaandika. Muuguzi wa kutembelea vijiji alirudishwa upande ule, na tangu hapo tulihesabu surua majumbani. Nilipostaafu nilisifiwa kwa kazi hiyo.

Sasa ninaishi Burungu, mke wangu amekwisha kufa, na vijana wanaosomea uuguzi huja kuniuliza tulifanyaje. Nawaeleza yote, isipokuwa hili ninaloliandika leo. Mto ule haukujaa. Maji yalikuwa ya magotini. Nilikuwa nimepata mtu wa kuongea naye, nikaona uvivu kumwacha.