Siku balozi wa nyumba kumi alipokamata gemu yangu ya sokwe, Tabora

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mzee wa hapa Tabora, nimestaafu ufundi wa saa na redio. Huwa nasoma tu nyuzi zenu nacheka peke yangu. Leo naandika. Atakayesema hii ni chai, mke wangu yuko hapa pembeni anamenya karanga, yeye ndiye shahidi.

Kuna kijana kauliza gemu ya zamani kuliko zote tuliyowahi kucheza. Wengi mmetaja zile za miaka ya tisini. Nikacheka.

Yangu ni ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa Itetemia, enzi ambazo kipande cha sabuni kilikuwa na foleni yake.

Gemu yenyewe mnaijua. Sokwe kamteka binti, kapanda naye juu ya jengo la vyuma. Jamaa mfupi anapanda ngazi kumfuata, sokwe anamporomoshea mapipa. Ruka pipa, panda. Ukigongwa unaanza upya.

Kwa wenzetu ilianzia kwenye makabati marefu katika kumbi za starehe, unatumbukiza sarafu ndiyo unacheza. Baadaye zikaja za nyumbani: za kuchomeka kwenye TV, na za mfukoni.

Ya TV isingenifaa kitu. Huku Bara hapakuwa hata na kituo cha TV. Binamu yangu Haruna, baharia, akaniletea ya mfukoni. Inafunguka kama kopo la poda la akina mama, skrini moja juu, nyingine chini, na ina saa ndani yake.

Picha linaanza hapa.

Wakati huo nilikuwa namtaka Zuhura, binti wa Mzee Mrisho. Mzee Mrisho alikuwa mshona kanzu, na ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Barua ya posa nilipeleka mara tatu. Ya kwanza alisema mshenga kaja na viatu vya vumbi. Ya pili akasema mwezi si mzuri. Ya tatu akafunguka:

"Fundi redio na mlanguzi ni tumbo moja. Kitu cha nje kikiingia mtaani, kinapitia kwake."

Na kweli wakuu, cha nje nilikuwa nacho.

Mkumbuke huo ulikuwa wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mtu akiwa na vitenge vitatu vipya analala macho. Nikasikia balozi anapita nyumba kwa nyumba na mgambo wawili. Nikaichimbia gemu katikati ya gunia la karanga, nikakaa mlangoni kama mtu mwema.

Wakaingia. Wakafunua kitanda, wakachungulia mtungi. Hawakuona kitu. Mzee Mrisho akaketi juu ya gunia apumzike.

Ikalia.

Kumbe usiku uliopita Haruna alikuwa ameitega alamu saa saba mchana na hakuniambia. Ti-ti-ti-ti, chini ya makalio ya balozi.

Mgambo mmoja alitoka kupitia dirishani. Sikutanii. Mwenzake akalala chini akipiga kelele, "Bomu! Bomu!" Mzee Mrisho hakukimbia. Namsifu mpaka leo. Alisimama taratibu, akaingiza mkono kwenye karanga, akaitoa gemu.

"Simu ya upepo," akasema. "Unaongea na nani wewe?"

"Shikamoo mzee, hiyo ni gemu tu."

"Marahaba. Gemu ndiyo nini?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikamwambia huyu mtu ana roho tatu, akigongwa moja inatoka.

"Astaghfirullah! Mtu ana roho tatu?"

"Samahani mzee, ni nafasi. Nafasi tatu."

Akabonyeza. Pipa likamgonga. Akabonyeza tena, likamgonga. Akaifunga, akaitia kwenye mfuko wa kanzu.

"Naichukua kwa uchunguzi. Usitoke mtaani."

Wakuu, zile siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kila nikisikia gari najua limenifuata mimi. Nilifunga kifurushi changu niende kwa mjomba Kwihara nikajifiche, nikaona nikikimbia ndiyo nimekiri, na Zuhura nimempoteza moja kwa moja. Nikakifungua.

Siku ya nne nikakutana na Zuhura bombani. Ana ndoo kichwani, hanitazami, anaongea kama anaongea na bomba.

"Umemfanya nini baba? Hashoni. Kanzu za watu zimelala. Amejifungia chumbani, tunasikia tu ti-ti-ti, halafu anatukana."

Nikashindwa kujua nicheke au nilie.

Ijumaa baada ya swala nikaitwa. Nikajua leo ndiyo leo. Namkuta mzee barazani, macho mekundu, kidole gumba amekifunga kitambaa. Mama Zuhura yuko mkekani anachambua mchele.

"Kijana," mzee akaanza, "uchunguzi umekamilika. Lakini pana jambo silielewi. Nimepanda ngazi zote. Nimeruka mapipa yote. Sokwe nimemwangusha. Nageuka, binti yuko kule kule juu! Nani kamrudisha?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa mzee. Ukimaliza inaanza tena, na mapipa yanazidi."

"Hata ukishinda?"

"Hata ukishinda."

Akapandwa na hasira. "Huu ni uonevu! Mtu kafanya kila alichotakiwa, amepanda, ameumia, bado hapewi? Basi wamwambie mapema kwamba hapewi!"

Mama Zuhura hakuinua hata uso kwenye ungo.

"Kijana wa watu kaleta barua tatu," akasema. "Mapipa unayo wewe hapo barazani."

Nikasikia mchele unavyoruka kwenye ungo. Mimi macho chini, naomba ardhi ipasuke.

Mzee Mrisho akakohoa.

"Leta ya nne," akasema. "Na mshenga aje na viatu vyovyote."

Tukaoana. Siku ya harusi mzee akawatangazia wageni, mbele ya sahani za pilau, pointi alizofikisha kwenye ile gemu. Akasema wilaya nzima hakuna wa kumfikia. Wageni wakapiga makofi bila kujua wanachopigia.

Tulipobaki wawili, nikaona bibi harusi anacheka mpaka anafuta machozi.

"Zile pointi ni zangu," akaniambia. "Baba akienda kuswali nilikuwa naingia chumbani nacheza, pointi zinabaki humo, akirudi anadhani ni zake. Yeye mwenyewe hajawahi kupita ngazi ya pili bila kugongwa. Ile siku alipomwangusha sokwe, kidole gumba kilimuuma akaniita nimsaidie: vidole vilikuwa vyangu, yeye alishika kasha."

Hatukumwambia kamwe. Mzee Mrisho amekufa bingwa.

Nilichojifunza: mkwe akikukazia, usishindane naye. Mpe kitu kigumu kuliko wewe, na umheshimu sana mama mkwe.

Nanyi je, kuna aliyemnasa mzee wake anacheza gemu kwa siri? Tiririkeni hapo chini, nitawasomea huyu mmenya karanga.