Kisanduku Chini ya Kitanda cha Mkunga

Mke wangu anaitwa Hebu Ngoja. Si jina la wazazi wake, ni la mafundi wenzake, maana ukimwita mbio aje aone umeme umekatika, yeye kwanza atakwambia hebu ngoja, halafu ataomba kiti. Kazi yake ni umeme wa magari nyumba, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, hasa yale makuukuu ambayo kila aliyewahi kuyamiliki ameongeza waya wake. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na vitambaa vya viti vya magari hayohayo, kwa hiyo mara nyingi tuko kazini pamoja, yeye chini ya kitanda, mimi juu ya godoro na pini mdomoni. Mdomo wangu ni mwepesi, hasira zangu ziko karibu, na haya ninayoyasema nayasema kwa majivuno kabisa. Asiyetaka kusikia mtu akimsifu mkewe aende zake mapema.

Mwezi uliopita tuliitwa na mkunga mstaafu. Bibi huyu amezalisha nusu ya mtaa, na tangu mumewe afariki anaishi peke yake kwenye gari nyumba lililoegeshwa katika kiwanja chenye bomba la maji na soketi ya umeme. Analipenda gari lile.

"Humu nikipiga chafya hakuna wa kuniuliza nimekunywa dawa gani," alituambia.

Lakini mapafu yake yamechoka, na daktari amemwandikia alale na mashine ya oksijeni. Umeme wa gari ukawa unakatika, mashine inazima, bibi anaamka anatweta. Bintiye mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akaona yatosha. Jumamosi saa nane mnunuzi atakuja, gari litauzwa, mama atahamia kwake. Mafundi watatu walishapita kabla yetu. Wawili walisema nyaya zimezeeka, zing'olewe zote. Wa tatu alikaza hapa na pale akasema limepona, likapona wiki moja. Sisi tulifika Alhamisi.

"Binti yangu ananipenda, sikatai," bibi akamwambia mke wangu. "Ila kwake nitakuwa mgeni mpaka nife."

"Hebu ngoja, mama," akasema mke wangu, akaomba kiti.

Akaanza kumuuliza maswali kama daktari. Ukikatika, unakuwa unatumia umeme wa soketi au wa jenereta? Wa soketi, bibi akajibu, jenereta haijawahi kumwangusha ila nani atalala na kelele zile. Unakatika palepale ukiwasha vitu, au baada ya muda? Baada ya saa nzima hivi, na kabla haujakatika anasikia ta-ta-ta chini ya kitanda.

Chini ya kitanda kuna kisanduku ambacho mafundi wanakiita chenjiova. Kazi yake ni kuchagua: ukichomeka kebo nje, kinaliunganisha gari na umeme wa soketi, ukiwasha jenereta, kinahamia huko, ili umeme wa huku na wa kule usikutane. Wale mafundi watatu walikuwa wamekipima kwa mita gari likiwa limelala, hakuna kilichowashwa, wakakiona kizima. Mke wangu hafanyi hivyo. Aliwasha friji, hita, pasi na ile mashine, vyote kwa pamoja, akatuambia tukae tunywe chai.

Mimi sina subira hiyo hata kidogo. Nilishona pazia zima huku nimemkunjia uso. Dakika ya arobaini tukasikia ta-ta-ta, na taa zikaanza kupepesa. Akavaa glavu zake, akapima pande mbili za skrubu moja tu, pale umeme wa soketi unapoingia kisandukuni. Kabla ya skrubu umeme mzima. Baada ya skrubu umepungua karibu robo. Akachomoa kebo nje, akahakikisha hakuna umeme popote, ndipo akafungua ule waya.

Ncha yake ilikuwa nyeusi kama mkaa, skrubu imelegea hata ungeizungusha kwa kidole. Chini ya ule weusi, ncha ilikuwa imefunikwa kwa risasi ya kulehemea. Na juu kidogo, nyaya zilikuwa zimefungwa kitita kwa uzi wa kijani. Nikautazama ule uzi, nikamtazama mke wangu. Ulikuwa uzi wa cherehani yangu, ule aliozoea kunichukulia kufungia nyaya zake.

Miaka kumi na miwili iliyopita, akiwa bado ameajiriwa gereji, gari lile lilikuwa na rangi ya kahawia na mwenyewe mwingine. Kisanduku kile alikifunga yeye. Enzi zile alikuwa akisifiwa kwa ncha zake za kung'aa, maana kila ncha aliitia risasi ili nyuzi za waya zisitawanyike, na wengine wakamuiga. Kumbe risasi ni laini. Ukiibana kwa skrubu leo, inaendelea kunywea kidogokidogo, gari nalo linatikisika barabarani, na miaka ikipita skrubu inalegea, panapata joto, panaungua. Umeme ukipungua, kisanduku kinadhani soketi imekufa, kinaachia. Kikiachia, umeme unarudi, kinashika tena. Ndiyo ile ta-ta-ta.

Mke wangu akachukua koleo. Alikata ncha zote zenye risasi, akazivisha vichwa vya shaba vya kubana, akafunga kisanduku kipya. Akawasha vitu vyote tena kwa muda wa saa tatu nzima, halafu akazima, akagusa skrubu moja moja. Zote zilikuwa baridi. Bibi alikuwa nje anaota jua, hakuona lolote.

Njiani nilimwambia, "Mama watoto, hili tulimeze. Limepona, basi. Nani atajua?"

"Mimi," akasema.

Nikapandisha hasira. Nikamwambia miaka yote hii tumejenga jina, na yeye anataka kulibomoa kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mwalimu mkuu. Kutwa nzima ya Ijumaa alikuwa sakafuni na madaftari yake ya zamani ya kazi, simu sikioni, jioni akatoka na zana zake, nami nikala chakula changu nimenuna.

Jumamosi tulirudi, yeye kukagua, mimi kutundika pazia, tukamkuta mwalimu mkuu ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mbele na mkoba mapajani. Bibi alikuwa amelala siku mbili bila umeme kukatika na alikuwa anamweleza kwa furaha, lakini yule mwalimu si wa kubembelezwa.

"Fundi aliyekutangulia naye alisema limepona," akamwambia mke wangu. "Wewe una uhakika gani? Maana mashine hii ikizima siku moja mama yangu asiamke, sitakuwa na wa kumuuliza."

Nikatazama pazia langu.

"Nina uhakika kwa sababu aliyeliharibu ni mimi," mke wangu akasema. Akatoa mfukoni ile ncha iliyoungua, akamwekea kiganjani, akamweleza yote, risasi, skrubu, gereji, mwaka. Hakujitetea kuwa alikuwa kijana, wala kuwa wote walifanya hivyo. Bibi akaacha kutabasamu.

Mwalimu mkuu akaigeuza ile ncha kiganjani, akauliza taratibu, "Na magari mangapi mengine umeyafunga hivi?"

Sikuwa nimeliwaza swali hilo. Nakiri, niliona aibu, maana siku zote mbili mimi nilikuwa nawaza jina letu tu.

Mke wangu akafungua daftari. "Kumi na moja. Saba nimewapata wenyewe kwa simu, nimewaambia wasiyatumie mpaka nifike. Jana jioni nimefungua mawili, yote yameanza kuungua. Manne bado nayatafuta."

Mwalimu mkuu alimrudishia ile ncha. Halafu akachukua simu yake, akampigia mnunuzi, akamwambia asijisumbue kuja, gari haliuzwi. Bibi akaketi kitandani, akafunika uso kwa kanga yake, akalia bila sauti.

"Laiti wanafunzi wangu wangekuona," mwalimu mkuu akamwambia mke wangu.

Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu, nikasimama na pini zangu mdomoni, nikazitoa moja moja, nikasema, "Mke wangu huyo."