Waliniambia nisiuze ukumbi wangu wa sinema Tukuyu, eti ni historia yao

Wakuu, wakubwa zangu kama wapo humu, shikamooni. Wadogo, marahaba mapema ili tusipotezeane muda.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe. Mimi ni mzee wa Tukuyu, shule niliishia darasa la nne. Ukiona nimekosea herufi, soma hivyo hivyo. Asiyeamini apande gari aje, ukumbi bado umesimama.

Nilianza maisha kwa kuchuma chai ya watu. Nikapata televisheni moja na jenereta, nikaonyesha video kwenye banda la mabanzi. Kutoka hapo nikajenga ukumbi wa matofali ya kuchoma. Sikuchangiwa na mtu hata tofali.

Mvua ya Tukuyu mnaijua. Ikianza kupiga bati, mtu akikuita sikioni husikii. Wenzangu wa mabanda ya video, mvua ikija wanafunga. Mimi nikapiga dari ya mbao, juu yake nikajaza pumba za mpunga kutoka Kyela. Inyeshe itakavyo, wewe uliye ndani unasikia ngumi inavyoingia kwenye mbavu. Siku za mvua ndiyo nilikuwa najaza.

Halafu nasimama mbele na kipaza sauti natafsiri. Kichina sijui, Kihindi sijui. Naangalia sura ya mtu, najua anasema nini. Watu walitembea kwa miguu kutoka Masukulu kuja kunisikiliza, kwa sababu steringi wangu akikasirika alitukana kwa Kinyakyusa.

Zikaja simu, vikaja ving'amuzi, mpira ukahamia baa. Ukumbi ukafa. Hapo sina ugomvi na mtu, biashara hufa. Ugomvi wangu uko mbele.

Mwaka jana akaja Bwana Zuberi. Ni mfanyabiashara wa parachichi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, duka lao lilitazamana na ukumbi wangu, watu wa asili ya pwani ila yeye kazaliwa hapa hapa. Akataka kuununua ukumbi aufanye kituo cha kukusanyia parachichi. Bei aliyotaja ilikuwa ya kiungwana.

Nikamwambia nipe siku chache.

Siku hizo hizo kuna kijana anaitwa Ambakisye, anaishi Dar, akanitia kwenye grupu la WhatsApp la watu waliokulia Tukuyu. Akaweka picha ya ukumbi, pale ukutani pana mchoro wa mtu amerusha teke.

Wakuu, grupu liliwaka moto.

"Mzee usiuze, utakuwa umeuza utoto wetu."

"Hapo ndipo nilipompata mama watoto."

"Hiyo ni historia yetu mzee, serikali iilinde."

Mmoja alituma sauti analia kabisa. Mtu mzima, ana kazi yake.

Sasa mimi ni nani, niliyeishia darasa la nne, nikatae kuitwa historia? Kichwa kikavimba.

Mke wangu, Mama Tusa, akaniuliza, "Baba Tusa, hao wanaosema usiuze, kuna hata mmoja amewahi kupiga simu akuulize umeamkaje?"

Nikamwambia mambo ya sinema hayajui.

Zuberi aliporudi nikamwambia, "Siuzi. Ukumbi una wenyewe."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Wako wapi, mzee?"

"Wanakuja Krismasi."

"Haya. Kuna kiwanja Msasani yetu ya hapa Tukuyu, nitajenga huko. Sitakusumbua tena."

Tukaagana vizuri tu.

Grupu wakapanga: Desemba wakirudi nyumbani, kesho yake baada ya Krismasi, mchana, nifungue ukumbi tuangalie sinema kama zamani. Nikauza ng'ombe. Mnyakyusa akiuza ng'ombe jike mwenye mimba mjue amedhamiria. Nikabadilisha bati zilizotoboka, nikapaka rangi, nikatafuta projekta. Mama Tusa akasugua mabenchi kwa mchanga mpaka yakang'aa.

Na kweli walikuja. Magari yalipanga mstari mpaka barabarani.

Walipiga picha mlangoni. Wakapiga picha chini ya mchoro wa teke, kila mmoja na yeye anarusha teke lake. Ambakisye akanikumbatia, "Tata, umetukumbusha mbali sana." Wakaingia, wakakaa kwenye mabenchi, wakapiga picha wamekaa.

Nikazima taa. Nikashika kipaza sauti.

Mvua ikaanza. Nikasema moyoni, sasa wataona kazi ya zile pumba. Ukumbi ulitulia, sauti yangu inasikika kila kona. Nikamtukanisha steringi kwa Kinyakyusa, tusi lile lile walilokuwa wanalipigia makofi.

Hakucheka mtu. Kutazama, naona nyuso zina mwanga wa simu. Walikuwa wanatuma zile picha.

Kisha mmoja akasema, hata hakunong'ona, "Nyama ya kitimoto imeiva kule baa, wametupigia." Wakaanza kutoka, wameinamisha vichwa kama watu wanaotoroka ibada. Ambakisye akanipungia mkono kutoka mlangoni. Sinema haijafika hata nusu.

Niliendelea kutafsiri. Mimi kazi yangu siikatishi.

Ilipoisha nikawasha taa. Kulikuwa na Mama Tusa, na benchi la nyuma alikuwa Zuberi. Alikuja akamlipa Mama Tusa kiingilio mlangoni, sikumwona.

"Umebaki, bwana?"

"Mzee, miaka yote ile nilikuwa nakusikia kwenye spika yako ya nje, niko dukani. Marehemu baba hakuruhusu tuingie. Leo nikasema nikaone na sura za hao watu uliokuwa unawasemea."

Nikamuuliza kuhusu ukumbi, kama bado anautaka.

"Ungesema mapema, mzee wangu. Msasani nimeshamwaga zege."

Mama Tusa alichukua ufagio akaanza kufagia.

Jioni grupu likajaa picha. "Tumeiokoa historia yetu." Laiki kama zote. Nikajitoa. Hakuna aliyeuliza mzee amekwenda wapi.

Sasa ukumbi nimeufunga. Wateja wanaokuja wanauliza kama nauza bati na mbao za dari, wabomoe waondoke nazo. Ng'ombe wangu alizalia zizi la mtu mwingine.

Nilichojifunza ni hiki: mtu anayependa biashara yako anaingia, analipa, anakaa mpaka mwisho. Anayekuambia ni historia, huyo ameshakuzika, anapamba kaburi.

Komenti ziko wazi. Ila msiniandikie pole, na msiniandikie mnavyoikumbuka sinema ya kwenu. Taja duka la zamani la mji wenu ambalo bado liko wazi, halafu useme mwezi huu umenunua nini pale.

Kama hujanunua kitu, pita kimya.